Ghuba ya Uskoti Niliyoihesabia Vibaya

Kuna ghuba moja huko Uskoti ambayo sijaiona kwa macho yangu na wala sina hamu ya kuiona, maana ilinichosha vya kutosha nikiwa nimekaa Rockville, Marekani. Naijua kila jiwe lake. Najua kwamba kuna nyumba saba zilizopangwa mstari mmoja kama meno, tano za watu wa likizo ambao huja na mbwa na kuondoka na mbwa, moja ya mwanamke asiyeelewana na mtu, na moja ya kaka wa Bi Mkubwa. Najua upepo unaingia kwa mlango wa nyuma. Najua kondoo wanateremka mpaka pwani kula mwani. Nilipoambiwa hilo la mwani nilicheka nikaacha kupiga pasi, kwani mie mwani nimeulima miaka kumi na mbili, na katika miaka hiyo hakuna mnyama aliyekuja kuuomba.

Nieleze kwanza nilifikaje hapo. Nilikuja Marekani kulea wajukuu. Binti yangu alikuwa na nyumba ya kupanga Silver Spring, ghorofa ya sita, na wajukuu wakakua, wakaanza shule, wakawa wananijibu Kizungu. Nikabaki naangalia ukuta. Mie si mtu wa kukaa. Darasa nililosoma ni la nne na chuo cha Kurani, basi, lakini mikono ninayo. Binti akanipeleka kwenye ofisi ya watu wanaotafuta wa kuangalia wazee, wakanifundisha wiki tatu namna ya kumgeuza mtu kitandani, jambo ambalo nilimfanyia mama yangu miaka minane bila cheti. Haya. Wakanipa cheti, wakanipa Bi Mkubwa.

Namwita Bi Mkubwa kwa kuwa ndivyo nilivyomwita mwenyewe, siku ya kwanza, naye akalipenda. Yeye aliniita kwa neno la kwao lenye maana ya kuku jike. Nilinuna siku mbili. Muuguzi wetu, msichana wa Kenya, mtu wa Nakuru, aliyekuwa akija kila Jumanne kupima presha, ndiye aliyenieleza kuwa kwa Waskoti hilo ni neno la mapenzi. "Mathe, relax. Amekupenda. Angekuwa amekukasirikia angekuita madam."

Bi Mkubwa alikuwa na miaka themanini na moja. Aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, akaolewa na Mmarekani, mume akafa, watoto hawakujaaliwa. Mume kazikwa hapo hapo Rockville, kando ya barabara kubwa ya magari, na kwenye jiwe lake wamekwisha kuandika na jina la Bi Mkubwa chini, bado tarehe tu. Siku aliponipeleka kuliona nilipatwa na baridi. Mtu amesimama, yaani amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anakula biskuti, na jina lake liko juu ya kaburi! Nikamwambia, kwetu mtu hata sanda akijinunulia mapema huificha chini ya sanduku. Akasema, "Mume wangu alikuwa mtu wa kupanga mambo."

Sasa shida yenyewe. Kaka yake, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa hataki simu nyumbani. Mpaka leo sijui kwa nini, na nimeuliza. Kibanda cha simu kiko ng'ambo ya mdomo wa ghuba, kwenye barabara, karibu na duka la mikate. Kukifikia kwa gari ni kuzunguka kilima kizima, na kaka hana gari. Kwa miguu anakata juu ya mchanga maji yakikupwa. Kwa hiyo kila Ijumaa alivuka kwenda kununua mkate, akampigia dada yake, akarudi kabla maji hayajajaa. Na kwa kuwa maji hayapwi saa ile ile kila Ijumaa, simu nayo haikuwa na saa yake. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana. Kuipigia simu ya kibanda usipoteze muda, haikuwa ikipokea. Kibanda chenyewe kilikuwa kikongwe kuliko wao wote wawili.

Ndiyo maana Bi Mkubwa alikuwa na kijitabu. Kaka alimtumia kila mwaka kwa posta, kijitabu cha saa za maji kujaa na kupwa katika ghuba ile. Alikaa nacho mfukoni mwa sweta, akakitazama kama sie tunavyotazama kalenda ya Ramadhani. Alikula kwa kijitabu. Alilala kwa kijitabu. Ofisi yangu ilikuwa imebandika ratiba jikoni, chakula saa sita, kuoga saa nane, matembezi kukiwa na jua, na Bi Mkubwa anasema, "Siogi sasa, maji yanapwa." Maji yanapwa wapi? Dirishani kwake palikuwa na maegesho ya magari na duka la magodoro!

Niseme ukweli, sina sababu ya kuuficha. Mwanzoni mwa Juni nilitia lile sweta kwenye mashine ya kufulia bila kupekua mifuko. Kijitabu kikatoka uji. Nilikusanya vipande, nikavianika juu ya kaunta, Bi Mkubwa akaja, akavitazama. Akageuza kiti, akarudi chumbani. Afadhali angenitukana.

Hakuna wakati ambao ungekuwa mbaya kama ule. Ijumaa iliyotangulia kaka alikuwa ametoa habari mbili. Ya kwanza, anahamishwa Jumamosi ya wiki mbili mbele. Miguu imekwisha, wamempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini, ndani ndani huko, hakuna bahari. Ya pili, pale makaburini kwao, juu ya ghuba, karibu na mama yao, imebaki nafasi moja. Moja tu, na wao ni wawili. Mzee wa kanisa anataka jina lisainiwe kabla hajahama. Kaka akamwambia dada, "Wewe ukiitaka ni yako. Kama huitaki nitalala mie. Fikiria, nitakupigia." Bi Mkubwa tangu niko naye hakuna alichokitaka isipokuwa kulala pale. Alinieleza mara ngapi, miguu itaelekea wapi, kichwa wapi, upepo unapita vipi. Alitaka jambo moja tu duniani na jibu lake lilitakiwa lipite kwenye simu.

Mie nilichoka na maneno hayo, lazima niseme. Sie mtu akifa adhuhuri, alasiri yuko chini, na anazikwa alipo. Nilimwambia, "Bi Mkubwa, ardhi yote ya Mungu." Akanijibu, "Basi kazikwe wewe kwenye maegesho ya magari." Nilikuwa sijajiuliza mie nitazikwa wapi, na sikutaka kuanza siku ile.

Basi kijitabu hakuna. Nikamwona anavyotazama simu, moyo ukaniuma, mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Usihangaike. Mie nitakuhesabia."

Mnanielewa? Nimezaliwa upande wa mashariki wa Unguja. Nimechokoa pweza tangu sijaota meno ya pili. Mwanamke wa kwetu hahitaji kitabu kujua bahari, anatazama mwezi. Mwezi mpevu ni bamvu, yaani maji makubwa, na siku ya bamvu maji yanakupwa saa nne, asubuhi na usiku, na yanajaa saa kumi. Kila siku inayofuata unasogeza mbele kidogo chini ya saa. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yangu na bibi wa bibi yangu. Ijumaa ile ilikuwa ya mwezi mpevu, nilikuwa nimeuona kwenye kituo cha treni, umebakiza siku chache tu ujae kama sinia. Nikamwambia Bi Mkubwa: maji kwenu yatakupwa saa nne usiku. Tutoe saa tano, maana huku tuko nyuma yenu, ni saa kumi na moja jioni.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nimezaliwa pwani mie!"

"Saa nne usiku," akasema polepole. "Juni kwetu bado kuna mwanga saa hiyo. Inawezekana."

Muuguzi alikuwepo, Jumanne ile, anafunga mkanda wa presha. "Mathe, hiyo hesabu umepiga na nini?"

"Na mwezi."

"Mwezi ya Zanzibar ama ya Maryland?"

"Mwezi ni mmoja, mwanangu."

"Sawa, mimi sibishi. Mimi bahari yangu ni dam ya kunyweshea ng'ombe." Halafu akamgeukia Bi Mkubwa, akamwambia kwa Kizungu kwamba presha imepanda.

Ijumaa ikafika. Nikaona kwa kuwa simu ni ya jioni, mchana mzima ni wetu, na kulikuwa na jua, na ratiba ya ofisi inasema matembezi. Saa sita na nusu nikamtia kwenye kiti, nikamsukuma mpaka bustanini, tukakaa chini ya mti tukala mikate, akanisimulia ghuba. Nikamsikiliza kwa moyo mzuri kabisa siku ile, nikijua jioni yatakwisha. Tukarudi saa tisa.

Mlangoni tukamkuta msimamizi wa jengo, baba mmoja Mkongo, mtaratibu sana, amesimama na funguo.

"Mama! Ninyi mulikuwa wapi? Telefone yenu imelia, imelia, saa muzima! Inakata, inaanza tena. Nilifikiri kuko feu, nyumba inaungua. Nilikuwa karibu kufungua mulango."

"Ilianza saa ngapi?" nikamwuliza.

"Mwanzo wa saa saba. Ilinyamaza kwenye saa nane na kitu."

Bi Mkubwa hakuelewa Kiswahili, lakini aliuona uso wangu. Nikamtafsiria. Akataka aingizwe ndani. Tukakaa mbele ya simu mpaka saa moja jioni. Haikulia.

Wiki iliyofuata sitaki hata kuikumbuka. Bi Mkubwa alianza kuniita madam. Supu ikiwa ya moto, "asante madam". Nikimvisha soksi, "asante madam". Sijui kama mnajua uchungu wa adabu. Ningependa anirushie kijiko. Nikamwomba radhi kwa lugha zote mbili. Nikamwuliza, hakuna jirani wa kupigiwa? Kuna yule mwanamke asiyeelewana na mtu, lakini kaka hajamsemesha miaka tisa kwa sababu ya ua wa miti, na Bi Mkubwa hana namba yake. Barua? Haifiki kwa wiki. Watu wazima wawili, mmoja themanini na nne mmoja themanini na moja, na kaburi la mama yao, wote wametundikwa kwenye kibanda kimoja cha simu! Nikasema kimoyomoyo, hata mbuzi wana mpango kuliko hawa.

Na kilichokuwa kikinila zaidi ni hesabu. Nilikosea wapi? Mwezi ulikuwa mpevu. Bahari ni moja, imeshikana, nilikuwa najua hivyo. Jumatano nikakaa chini mbele yake kwenye zulia, nikamwambia, "Bi Mkubwa, nuna ukitaka, lakini nijibu. Ulipokuwa mdogo, siku za mwezi mpevu, maji makubwa yalikuja saa ngapi?"

"Sikumbuki. Ndiyo maana ya kijitabu."

"Fikiri. Ulikuwa unafanya nini maji yakiwa juu kabisa?"

Akageukia dirisha, nikadhani ndiyo madam tena. Kisha akasema, "Tulikuwa tunakula." Akaeleza: shule yao ilikuwa na ukuta pwani. Siku za maji makubwa, mwalimu akiwaachia kwenda kula mchana, walikuta maji yamefika ukutani, wakakaa juu wakala huku miguu inaning'inia majini. Siku nyingine hayakufika. Siku za mwezi mpevu tu, na mwezi mchanga.

Mchana! Saa sita. Kwetu bamvu linajaa saa kumi, kwao saa sita. Nikajipiga paji la uso. Kumbe maji hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja, yanapita pwani kwa pwani kama mgeni anayeaga nyumba kwa nyumba, na mie nilimngoja mgeni wa Uskoti kwa saa aliyofika kwetu. Bibi yangu hakuwa amenidanganya. Hakuwa tu amewahi kuulizwa habari za Uskoti.

Nikachukua penseli. Ijumaa itakuwa mwezi nusu. Kwetu mwezi nusu maji yanakupwa saa kumi jioni. Toa saa nne ambazo kwao yanatangulia kwetu, ni saa sita mchana yao. Toa tano ambazo huku Marekani tuko nyuma, ni saa moja asubuhi. Na mwezi nusu ni maji mafu, bahari haitoki sana, mchanga unafunguka kidogo tu. Bi Mkubwa akasema, "Siku kama hizo njia haikai wazi hata saa nzima." Na Jumamosi kaka anahama.

Ijumaa nilipanda treni ya kwanza, kabla ya zamu yangu, kabla hata wajukuu hawajaamka. Nilimkuta kaamka, kavaa, kachana nywele, kakaa mbele ya simu na mikono mapajani. Masikio yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo tulibonyeza kile kitufe cha sauti ya nje. Saa moja ya asubuhi ikafika. Dakika tano. Kumi. Nikaanza kujiona mjinga mara ya pili. Ikalia.

"Uko hai?" ndivyo alivyoanza kaka.

"Nisingekuwa hai simu ingeinuliwa na nani, zuzu wewe?"

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

Bi Mkubwa akanitazama. Mie nikajigusa kifua, nikamwonyesha kwa mdomo: sema ni mie, mtaje. Akasema, "Nilikwenda kutembea."

"Kutembea! Kwa miguu gani?"

"Ya magurudumu. Kulikuwa na jua."

Hapo mzee akafunguka. Alipiga, akangoja, akakata, akapiga tena, zaidi ya saa nzima. Hakutaka kuondoka bila jibu. Alipotoka kibandani maji yalikuwa yamekwisha kuifunga njia. Akakaa mle ndani. Usiku wote, mpaka maji yapwe tena asubuhi, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula mkate mtupu. Yule jirani wa ua wa miti aliona hakuna taa kwake, akaja ng'ambo ya pili na kurunzi, akamtukana juu ya maji.

"Alikutukanaje?" akauliza Bi Mkubwa, macho yanang'aa.

"Aliniita mbuzi mzee. Miaka tisa hajanisemesha, na neno lake la kwanza ni mbuzi."

Wakacheka. Halafu, sijui nieleze vipi, wakaanza kuzungumza mambo ya ua. Kisha mlango wa banda la kuku, kama upakwe rangi au usipakwe. Rangi gani. Banda ambalo kuku wa mwisho alikufa zamani! Mie naitazama saa ya ukutani, dakika kumi na tano, dakika ishirini, maji mafu, njia haikai saa nzima, mzee wa miaka themanini na nne hajaanza hata kurudi. Nikashindwa. Nikamnong'oneza, "Kaburi, Bi Mkubwa! Kaburi!"

"Nyamaza," akasema.

"Nani huyo?" kaka akauliza.

"Ni kuku wangu."

Kisha kaka akasema, "Maji yamegeuka. Nayaona kutoka hapa. Haya, sema basi. Nasaini leo."

"Chukua wewe," Bi Mkubwa akasema.

"Nini?"

"Chukua wewe."

"Tangu ulipoolewa unalililia wewe."

"Ushalala nje usiku mmoja kwa ajili yangu. Inatosha. Chukua."

Nikasikia upepo kwenye simu. "Sawa," kaka akasema, na ikakatika.

Mie nikasimama katikati ya chumba. "Bi Mkubwa! Wiki nzima umeninunia! Hukula, hukulala, madam, madam, kwa ajili ya kaburi hilo hilo, leo unalitoa kama sahani ya tambi?"

"Ulitaka nimpe nani? Wewe?"

"Mie silitaki! Na wewe utalala wapi?"

"Si jina langu liko kwenye jiwe pale barabarani? Wameshalichonga."

Nikataka kusema mengi. Nilikuwa nayo. Nikanyoosha mkono nimpokee simu niirudishe mahali pake, kwa kuwa ilikuwa imeanza ule mlio wake mrefu wa kuudhi. Akaikumbatia kifuani.

"Mwache avuke kwanza," akasema.

Nikamweleza kwamba imekatika, kwamba kuishika hakumsaidii mtu, kwamba mlio ule utanitoa masikio. Alikuwa anatazama maegesho ya magari na midomo yake inahesabu kitu, hatua nadhani. Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Dakika ishirini na tano, wallahi, simu inalia ndani ya sweta lake, na mie nimekaa hapo, nimekasirika, namngoja mzee nisiyemjua avuke mchanga.